Kibanio Chekundu na Sarafu ya Likasi

Bandu bandu huisha gogo. Maana ya methali hii ni kwamba kazi, hata iwe nzito kama gogo la mvule, humalizika ikiwa mtu ataibandua kidogo kidogo bila kuchoka. Wengi wakiisema methali hii hulitazama shoka. Wachache humtazama mkataji, na wachache zaidi hujiuliza vile vibanzi vilivyoruka vilikwenda wapi. Kisa hiki ni cha mkataji mmoja ambaye hakukumbuka hata kibanzi kimoja, na gogo likaisha.

Huko Doornfontein, mjini Johannesburg, katika ghorofa ya tatu ya jengo lililokuwa zamani kiwanda cha mashati, palikuwa na chumba cha mafundi wawili wa kushona. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba kama behewa la gari moshi, na kilikuwa na dirisha moja tu, mwishoni kabisa, linalotazama kaskazini ambako jua la kule hupita siku za baridi. Chini ya dirisha ilikaa cherehani ya kukanyaga kwa miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia. Cherehani ya pili ilikuwa ya umeme, nayo ilikaa karibu na mlango, penye kiza. Umeme ulipokuwapo, haikudhuru nani amekaa wapi, kwani taa ziliwaka na vyombo vyote viwili vilinguruma. Lakini huo ulikuwa mwaka wa 2015, mwaka wa mgao wa umeme. Umeme ukikatika, ile cherehani ya mlangoni iligeuka sanduku, na aliyekaa dirishani aliendelea kushona kama kwamba hakuna lililotokea.

Mafundi wenyewe walikuwa Mayasa, aliyezoeleka kuitwa Mama Chiku, mwenyeji wa Tanga, na Célestine, aliyetoka Likasi katika Kongo. Mayasa alishona kanzu na madera. Célestine alishona vitenge vya harusi na sare za kwaya. Kwa miaka tisa walikuwa kama chanda na pete. Ile cherehani ya kukanyaga waliinunua pamoja na kuipandisha ngazi pamoja, hatua kwa hatua, Mayasa akisoma Kulhuwallahu na Célestine akiimba pambio. Mwezi wa nne mwaka huohuo, mji ulipochafuka na wageni wakajifungia milango, walikaa chumbani humo siku mbili, wakila mkate mkavu kwa chai isiyo na sukari, na Célestine ameuegemeza mgongo wake mpana kwenye mlango.

Je, nani akae dirishani? Mwanzoni walijaribu zamu, leo mimi kesho wewe. Zamu haikudumu. Ijumaa Mayasa alikwenda msikitini, Jumamosi Célestine alikuwa na mazoezi ya kwaya, na kila Jumatatu palizuka mabishano ya nani anamdai nani siku. Ndipo Célestine alipoleta sarafu ya zamani ya Zaire aliyoachiwa na marehemu baba yake. Upande mmoja ilikuwa na sura ya mtu, upande wa pili namba. Hawakuirusha juu, maana siku ya kwanza ilipotea ndani ya lundo la vipande vya vitambaa na kutafutwa mpaka adhuhuri. Waliizungusha kwa vidole juu ya meza ya kukatia, ikacheza kama pia, ikalala. Sura ilikuwa ya Célestine, namba ilikuwa ya Mayasa. "Sarafu haina shemeji," walizoea kusema, na aliyeshindwa alienda mlangoni akicheka.

Kisha kicheko kilikoma. Katika kumi la mwisho la Ramadhani, Mayasa akiwa na kanzu kumi na nne za Idi mkononi na umeme ukikatika kila siku, sarafu ililala sura siku tano mfululizo. Mteja mmoja alikuja akakuta kanzu zake hazina mikono, akazikunja, akaondoka nazo. Mayasa aliimeza hasira, ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Wiki mbili baada ya Idi, asubuhi moja sarafu ilipolala sura tena, mwiba ulitoka.

"Hii sarafu yako ina upande, Célestine."

"Ina pande mbili, Mama Chiku, kama feza zote," Célestine akajibu, akidhani ni mzaha.

"Usinicheze shere. Nasema imeinama kwako. Mwaka mzima nashona kwa mkono gizani kama popo!"

Célestine aliweka mkasi mezani polepole. "Miye siko mwizi. Ile feza ni ya papa. Ukisema inadanganya, basi unasema papa yangu alikuwa mwongo."

Mle chumbani walikuwamo wengine wawili. Mmoja alikuwa Chiku, binti wa Mayasa, mwanafunzi wa kompyuta katika chuo kilichokuwa mtaa huohuo, ambaye kila asubuhi alipitia hapo kuacha chakula. Wa pili alikuwa Bibi Biubwa, mama yake Mayasa. Bibi huyo kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kuvuja kama kikapu. Aliweza kuuliza mara tatu kama amekwisha swali. Siku moja alitoka nyumbani kwao Bertrams kwenda kwenye spaza, kiduka cha mtaani, kununua chumvi, akakutwa amesimama kwenye robot, kama waitavyo kule taa za barabarani, taa zikibadilika nyekundu na kijani, hajui avuke au arudi. Tangu hapo Mayasa alikuja naye kazini, akampa kopo la vifungo achambue rangi. Jioni alivichanganya tena kwa siri, ili mama yake apate kazi ya kesho.

Chiku, kwa nia njema, alijitia kati. "Sharp, msigombane. Jambo hili linapimika. Tuizungushe mara kumi." Akaizungusha. Ilitoka sura mara saba na namba mara tatu.

"Haya!" Mayasa akapiga makofi. "Msomi amesema!"

Chiku alijua moyoni kwamba mara kumi hazithibitishi kitu, kwani hata sarafu iliyo sawa huweza kufanya hivyo. Lakini ulimi ulikwisha tangulia, na maneno yakimwagika hayazoleki. Célestine aliichukua sarafu, akaifunga katika pindo la kitenge chake.

"Bon. Kuko chumba Kensington, juu ya duka la viatu. Mwisho wa mwezi wa nane nabeba mashine yangu ya umeme, naenda. Ile ya dirishani baki nayo, Mama Chiku, ushone mwangani mpaka ushibe."

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Watu walioshirikiana kijiko cha sukari kwa miaka tisa sasa walisalimiana kama watu wanaokutana ofisini. Mayasa alijifanya hajali, ila alishona mfuko wa kanzu nje ndani, akaufumua, akaushona tena nje ndani.

Jumapili, nyumbani Bertrams, Chiku alikaa kitandani kando ya bibi yake, madaftari yamemzunguka, akishika kichwa.

"Una nini, mjukuu wangu? Unaumwa?"

"Kazi ya chuo, Bibi. Eish, imenishinda. Tumepewa mashine yenye kichwa kidogo sana. Inasahau kila kitu, ina nafasi ndogo tu ya kukumbuka."

"Maskini. Kama mimi."

Chiku akaona haya, akamshika mkono. "Siyo hivyo, Bibi."

"Ndivyo hasa, usiogope. Hiyo mashine inaulizwa nini?"

"Inaoneshwa sarafu ikianguka, mara moja moja, tena na tena. Kisha iseme kama sarafu ile iko sawa au imeinama upande. Lakini bila kuandika yote yaliyotokea, itajuaje?"

"Inaruhusiwa kukaa muda gani?"

"Muda wowote."

Bibi Biubwa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Basi shida iko wapi?"

Asubuhi yake, kabla watu hawajavua makoti, bibi aliomba futi ya kupimia nguo, ile ndefu ya sentimita mia na hamsini. Alimwambia Chiku aikaze kwa misumari midogo kwenye ukingo wa rafu, sifuri kuelekea mlangoni, mia na hamsini kuelekea dirishani. Kisha akatoa mfukoni kibanio cha nguo, chekundu, akakibana katikati, penye sabini na tano. Tangu ujana wake Tanga ndivyo alivyofanya kazi: akishona pindo refu na kuitwa na mtu, alibana kibanio pale alipofika, akarudi hata baada ya saa nzima bila kupotea.

"Célestine mwanangu, nipe sarafu ya baba yako. Nitaizungusha kila siku. Ikilala sura, kibanio kitasogea hatua moja, yaani sentimita moja, kuelekea mlangoni. Ikilala namba, hatua moja kuelekea dirishani. Mwisho wa mwezi kikiwa kimebaki katikati kinazurura, sarafu haina kosa. Kikifika mwisho wowote, tutajua imeinamia wapi. Na siku hizi zote mtakaa dirishani kwa zamu; atakayebisha nitamchapa kwa fimbo ya mita."

"Lakini Mama," Mayasa akasema, "wewe chai tu unasahau kama umekunywa. Utakumbukaje zimetoka ngapi?"

"Sikumbuki, wala sitaki. Kibanio ndicho kinachokumbuka. Mtu anayekata gogo huhesabu vibanzi? Hulitazama gogo. Bandu bandu huisha gogo."

Chiku akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. "Bibi, huku Johannesburg bibi huitwa gogo. Gogo ndiye wewe."

"Basi msinikate," bibi akajibu, na hata Célestine, aliyekuwa amenuna, akainamisha uso kuficha meno. Akafungua pindo la kitenge. "Kwa ajili yako, Koko," akasema, akimwita vile ambavyo kwao humwita bibi. Akaiweka sarafu mezani.

Kazi ikaanza. Bibi alizungusha kadiri ya mara thelathini na tano kwa siku, baadhi kabla ya adhuhuri, baadhi baada ya chai, kopo la vifungo limesukumwa kando. Alijiwekea kanuni moja ya kumlinda na usahaulifu wake: sarafu ikiwa imelala mezani, maana yake kibanio bado hakijasogezwa, akishakisogeza, ndipo aiokote. Akiitwa, akisinzia, akisahau hata yuko mji gani, aliitazama meza akajua afanye nini. Mzunguko uliopita ulimtoka kichwani kama mvuke wa birika, lakini haukuwa na kazi tena. Chiku, aliyekaa akimwangalia siku ya tatu, alifungua daftari lake la chuo na kuanza kuandika upesi upesi.

Wiki ya kwanza kibanio kiliyumba kama mlevi anayetafuta funguo. Kilikwenda themanini, kikarudi sabini na moja, kikapanda tena. Mayasa kila alipopita alikitupia jicho na kutabasamu kilipoelekea mlangoni. Wiki ya pili kilikuwa bado kinayumba, lakini kila kiliporudi nyuma hakikufika kilipotoka jana. Siku ya kumi kilikuwa penye mia na kumi. Upande wa dirisha. Upande wa namba. Upande wa Mayasa mwenyewe.

Tabasamu likamkauka.

Siku ya kumi na sita alifika mapema. Upepo wa Agosti ulikuwa ukigonga kioo kwa vumbi. Célestine hajaja, na bibi alikuwa amekwenda chooni mwisho wa ujia. Kibanio kilikuwa penye mia na ishirini na nane. Mayasa alisimama mbele ya rafu. Hapakuwa na daftari. Hapakuwa na shahidi. Mama yake hangejua kilikuwa wapi jana, na Chiku alipita kuacha chakula tu. Akikirudisha penye themanini, mwezi utaisha kikiwa katikati, na hakuna atakayeona aibu. Mkono wake ukakibinya, kikafunguka, kikawa kiganjani.

Ngazini alisikia mtu akipanda polepole, akiimba pambio lile lile waliloimba wakipandisha cherehani.

Mayasa alikirudisha kibanio palepale, mia na ishirini na nane, akakikagua mara mbili kama anayekagua mshono. Kisha akaketi, na siku hiyo hakushona mstari mmoja ulionyooka.

Siku ya ishirini na moja, alasiri, umeme umekatika na chumba kizima kimenyamaza, Bibi Biubwa aliizungusha sarafu. Ilicheza, ikayumba, ikalala namba. Alinyanyuka, akakisogeza kibanio, akashangaa. "Futi imekwisha," akasema. "Jamani, tulikuwa tunapima nini?"

Wote wanne wakaikusanyikia rafu. Kibanio chekundu kilikuwa kimeuma mia na hamsini.

Chiku ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo. "Imeinama kweli. Katika mizunguko mia, nadhani namba hutoka hamsini na tano hivi, na sura arobaini na tano. Mara kumi zangu hazikuweza kuliona hilo. Nisameheni." Aliiokota sarafu, akaupapasa ukingo wake kwa kidole. Upande mmoja ulikuwa umelika, laini kama kipande cha sabuni.

"Ni papa," Célestine akasema. "Alikuwa anafungulia nayo skrubu za radio. Kila siku radio yake ilikuwa inakufa, kila siku anaifungua." Halafu maana ikamfikia. Akamgeukia Mayasa, macho yamemtoka. "Namba! Namba ni yako, Mama Chiku! Siku zote hizi ni weye ulikuwa unakaa dirishani kunishinda! Papa yangu mwenyewe ameniibia!"

Akaanza kucheka, kicheko kile kipana kilichokosekana mwezi mzima, akashika meza asianguke. Lakini Mayasa hakucheka. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Nilizikumbuka siku tano, dada yangu, nikasahau mia. Nilikuita mwizi na mimi ndiye niliyekuwa nikineemeka. Na si hilo tu. Juzijuzi nilikitoa kibanio nikitaka kukirudisha nyuma. Nikasikia unaimba."

Kicheko cha Célestine kikakatika. Akamtazama usoni. "Na ukakirudisha?"

"Palepale kilipokuwa."

"Basi." Célestine akamfuta machozi kwa pindo la kitenge, lile lile alilofungia sarafu. "Kensington kuko baridi, na mwenye duka la viatu anavuta sigara. Sina haraka ya kwenda."

"Sarafu hiyo tuitupe?" Mayasa akauliza.

"Ya papa? Ujaribu uone!"

"Haina haja," Chiku akasema. "Kila asubuhi izungushwe mara mbili. Ikitoka sura kisha namba, dirisha ni la mama Célestine. Ikitoka namba kisha sura, ni la mama. Zikifanana, hazina maana, mnaanza upya. Kila ushindi utakuwa na sura moja na namba moja, kwa hiyo kuinama kwake hakutampendelea mtu."

Mafundi wakalipima neno hilo, wakaliona lina haki. Walijaribu papo hapo: namba, namba, wakaanza upya, sura, namba. Célestine akaenda dirishani kwa mbwembwe kama bibi harusi, na Mayasa akamsukumia kiti.

Chiku alimkumbatia bibi yake. Daftari lake lilikuwa na kurasa sita zilizojaa, na katikati ya kila ukurasa alikuwa amechora futi na kibanio. "Bibi, umenifanyia kazi ya chuo. Mashine yenye kichwa kidogo inaweza."

"Mashine gani?" Bibi Biubwa akauliza kwa upole. Alikuwa amekwisha livuta kopo lake la vifungo na kuanza kutenga vyeupe na vyeusi. Hakukumbuka ugomvi, wala hakukumbuka ni mara ngapi sarafu ile ilicheza mbele yake. Aliinua macho akawaona watoto wake wawili wakitaniana penye mwanga, akaona ni jambo jema, akaendelea na vifungo. Vibanzi vyote vilikuwa vimepeperuka, wala hapana aliyeviokota. Hakika, bandu bandu huisha gogo.